Wawili wa Kumpokea Mtoto

6 Februari

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na wifi na hizo mbao zako. Sisi hapa wazima, na safari hii nikiandika "wazima" sijazi nafasi tu. Bwana Mdogo ametoka hospitali. Yuko kitandani pembeni yangu, amekunja ngumi kama abiria anayegombea chenji. Shemeji yako bado yuko melini anawapikia mabaharia, hatashuka mpaka Agosti. Anasema picha ya mwanawe ameibandika juu ya jiko na sasa imeanza kunuka vitunguu.

Najua utasema si ungepiga simu. Wewe kwenye simu ni "eeh" na "haya" tu, na nyuma randa inakwaruza. Nataka unisikilize mpaka mwisho.

Uchungu ulinishika mchana, miezi miwili kabla ya wakati. Nilikuwa nafua. Nikajikokota hadi sebuleni, nikagonga ukuta wa jirani kwa mpini wa ufagio. Huyu jirani ni mjane, dereva wa gari la mikate. Jengo zima linamwita Mama Mikate, na nadhani hata yeye keshasahau jina lake jingine. Alikuwa ametoka kupakia mzigo wa jioni. Hakuuliza swali hata moja. Alinilaza nyuma ya gari katikati ya trei, akaniambia, "Shika trei, usishike mkate, huo ni wa watu." Kaka, nilicheka huku naumwa. Siku ile maduka ya mtaa mzima yalikosa mikate, na simu yake ililia njia nzima bila kupokelewa.

Mtoto alizaliwa njiti, mdogo kuliko hiyo mikate. Kesho yake homa ikanipanda, nikawa sijitambui. Haya mengine nimesimuliwa na wauguzi. Mtoto wa aina hii anataka kifua cha mtu, ngozi kwa ngozi, apate joto na apumue vizuri. Mama yake yuko hoi, baba yake yuko baharini. Mama Mikate alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa nguo zangu. Akauweka chini, akafungua vifungo vya blauzi, akasema, "Mleteni hapa."

Tangu siku ile, kila akimaliza kusambaza mikate alikuja kukaa kwenye kile kiti cha plastiki, mwanangu kifuani, shuka juu. Wauguzi wakadhani ni bibi yake. Alikuwa anamwimbia nyimbo za kwaya ya kanisani kwao, ila yeye huimba sauti ya pili tu, kwa hiyo mwanangu anazijua nyimbo zote nusunusu. Nilipofumbua macho sawasawa nilimwona yeye kwanza, halafu nikaona kichwa kidogo kimechomoza kwenye shuka. Akasema, "Mama mtu ameamka. Haya, njoo uchukue mzigo wako, mimi mgongo umekufa."

Basi nimeamua. Huyu ndiye atakuwa mama wa ubatizo. Nimeshamwambia, naye alilia mpaka akaomba leso. Ni Mlutheri, lakini amebatizwa, na anamcha Mungu kuliko mimi. Wewe unayeongoza nyimbo kanisani huko nyumbani unazijua taratibu zetu sisi Waorthodoksi. Inaruhusiwa? Nijibu mapema. Na unisalimie padre.

Mdogo wako

---

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika siku nyingi, unisamehe kuchelewa. Nilikuwa na milango ya shule, mbao zilikuja mbichi, ikabidi nizianike upya. Wifi yako anakusalimu sana. Mvua imeanza na paa la karakana linavuja palepale lilipovuja mwaka jana.

Nimefurahi mtoto yuko nyumbani. Ulipokuwa hospitali nilipiga simu wodini kila asubuhi, sijui kama walikwambia. Walikuwa wananiambia "anaendelea". Sikujua kwamba nyuma ya hilo neno kulikuwa na mtu ameketi kwenye kiti cha plastiki.

Mwambie huyo mama kuna mtu huku asiyemfahamu anayemshukuru. Nimejaribu kuiandika sentensi hii vizuri zaidi na kila nikijaribu inatoka fupi. Mfikishie hivyohivyo.

Kuhusu ubatizo, muulize padre wa huko kwenu. Yeye ndiye atakayebatiza.

Shemeji akipiga simu mwambie ale vizuri, wapishi huwa wanajisahau.

Kaka yako

---

30 Machi

Kaka,

Shikamoo, na poleni na mvua. Bwana Mdogo ameongezeka uzito, sasa ana kidevu cha pili. Shemeji yako ametuma salamu, anasema meli iko kwenye baridi na unga wa ngano unakataa kuumuka.

Shukrani zako nilimfikishia Mama Mikate. Akasema, "Huyo kaka yako ni mtu wa maneno machache yaliyoshiba."

Nilikwenda kwa padre. Kanisa letu hapa ni chumba kimoja juu ya duka la vioo, tunapanda ngazi za chuma, na tukijaa sana hatufiki thelathini. Padre alinisikiliza vizuri. Akaniambia, "Mwanangu, mdhamini ndiye anayesoma Kanuni ya Imani kwa niaba ya mtoto. Ndiye anayeahidi kumlea katika imani hii, kumleta kwenye komunyo, kumfundisha kufunga na kusali kama sisi. Mtu hawezi kuahidi njia asiyoipita mwenyewe. Kwa hiyo mdhamini lazima awe Mworthodoksi."

Nikawaka. Nikamwambia, "Padre, mwanangu yuko hai kwa sababu ya kifua cha Mlutheri."

Hakukasirika. Akasema, "Ndiyo maana sijamaliza kusema. Tafuta mdhamini mmoja wa kwetu. Huyo mama, kwa kuwa ni Mkristo aliyebatizwa, nitamwombea kibali kwa askofu asimame pamoja naye kama shahidi. Nami nitamwombea kwa furaha."

Nilishuka zile ngazi. Kumwambia mtu "wewe ndiye mama wa ubatizo", halafu urudi umwambie "utasimama pembeni", utaanzia wapi? Nilimkuta anaosha trei. Nikaanza kuzungukazunguka, mara hali ya hewa, mara bei ya sabuni. Akazima bomba. "Sema, unanichosha."

Nikasema. Akafuta mikono, akaketi juu ya trei iliyopinduliwa. Unajua alisema nini? "Hata kwetu mdhamini huahidi mbele ya watu. Mimi nilikuwa nakosa usingizi, najiuliza nitaahidije kumfundisha mambo nisiyoyajua. Nikaona aibu kukwambia, ulikuwa umefurahi sana. Wewe nitafutie kazi ninayoiweza. Nitashika mshumaa, nitashika taulo, nitamshika mtoto. Kushika naweza."

Jioni tukaketi jikoni kwangu tukaisoma Kanuni ya Imani pamoja, yeye kutoka kitabu chake, mimi kutoka changu. Ikawa inakwenda sawa, sawa, sawa, mpaka kwa Roho Mtakatifu. Mimi nasoma "atokaye kwa Baba", yeye anasoma "atokaye kwa Baba na Mwana". Akanitazama. "Hapo mmeruka neno." Nikamwambia, "Hatujaruka, nyie ndio mmeongeza." Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Akasema watu wenye kofia kubwa wametengana miaka na miaka kwa neno hilo, sisi tumemwamsha mtoto tu.

Sasa nakuja kwako. Mdhamini wa kwetu ni nani kama si wewe? Mjomba wake wa damu, mwimbaji wa kanisa. Shemeji yako anakubali. Tutabatiza mwishoni mwa Agosti, yeye akiwa nchi kavu. Njoo, kaka.

Mdogo wako

---

20 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Wifi yako hajambo, anakusalimu. Milango ya shule imekwisha, sasa nina madawati.

Kwa Agosti sitaweza. Kazi ni nyingi na sina wa kumwachia karakana. Hapo kanisani kwenu hawakosekani watu wazuri, tafuta mmoja. Nitatuma zawadi ya mtoto.

Kaka yako

---

2 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Sitakuuliza habari za madawati.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaikunja nikaitia mfukoni, nikashinda nayo siku nzima nimekasirika. Nikamwonyesha Mama Mikate nikitegemea atakasirika na mimi. Aliisoma polepole, akasema, "Huyu hajamkataa mtoto. Kuna kitu kingine anakikataa hapa, na wewe unakijua."

Ni kweli nakijua, na ni mimi niliyekinyamazia.

Kaka, hatujawahi kuzungumza habari za mwanao. Nilikuja mazishini, nikapika, nikaosha vyombo, nikapanda basi nikarudi. Niliogopa kwamba nikimtaja nitakuumiza. Baadaye nikaona ukimya umeshazoeleka, nikauacha. Na mimi nilipojifungua njiti, nikawa nakuandikia mambo ya uzito na kidevu kana kwamba namwandikia mtu yeyote tu. Hukunilaumu. Ulipiga simu wodini kila asubuhi. Wauguzi waliniambia, "Kuna mwanamume anapiga, anauliza kama mtoto anapumua, akishaambiwa ndiyo anasema asante na kukata." Nilijua ni wewe.

Kuna jingine. Mtoto hana jina bado. Tunamwita Bwana Mdogo kwa sababu jina ninalolitaka ni la baba yetu, na jina hilo ulikuwa umemwekea mwanao, limfikie siku ya kubatizwa. Siwezi kulichukua bila wewe kuniambia. Ukisema hapana, ni hapana, tutatafuta lingine, na sitakuuliza tena.

Kama hutaki kuja, usije. Ila usinitumie kazi nyingi. Niambie lililopo.

Nakushukuru kwa zile simu. Nilitakiwa kukushukuru zamani.

Mdogo wako

---

9 Julai

Mdogo wangu,

Lililopo ni hili. Mimi siimbi tena kanisani. Siendi hata kusimama mlangoni. Ni mwaka wa tatu sasa. Kila uliponiandikia "msalimie padre" niliipita hiyo sentensi kama mtu anayekwepa dimbwi.

Mwanangu alikuwa bado hajafikisha siku arobaini. Tulikuwa tunazisubiri ziishe ndipo tumbatize, kama ada. Gauni jeupe wifi yako alikuwa amelishona, limetundikwa mlangoni. Homa ilimchukua kwa muda mfupi sana. Kwenye mazishi watu walinipa mkono na kunipa maneno, na kila neno lilikuwa kama msumari unaopigwa vibaya, unapinda na kubaki. Jumapili iliyofuata nilikwenda karakana, nikapiga randa ubao mpaka ukaisha. Nikaendelea hivyo. Wifi yako huenda kanisani peke yake, anasimama nyuma, akirudi haniulizi kitu.

Na salamu zake nilizokuwa nakuandikia nilizitunga mimi. Tangu mtoto wako azaliwe hajatamka neno juu yake. Usimfikirie vibaya. Barua zako nilimkuta anazisoma, lakini alizirudisha mezani zilipokuwa.

Nilipopata hii ya Juni nilikaa nayo. Kisha nikaenda kwa padre, siku ya kazi, nikitumaini simkuti. Alikuwa anafagia baraza. Nikamwambia, "Padre, nimefuata karatasi tu."

"Karatasi gani?"

"Ya kuthibitisha kwamba mimi ni muumini. Dada yangu anataka mdhamini."

"Na wewe ni muumini?"

Nikamwambia sijui. Akauegemeza ufagio ukutani, akanivutia kiti. "Basi keti, tuanzie hapo."

Nilidhani atanihubiria. Akaniuliza mwanangu alikuwa anafanana na nani. Mdogo wangu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikamwambia masikio yalikuwa ya baba, yamechomoza hivi. Nikamwambia alikuwa akinyonya anashika kidole cha mama yake. Nilisema hadi koo likakauka. Yeye analia, mimi naeleza. Mwisho nikamuuliza lile lililokuwa limenikaa: je, mwanangu yuko wapi, maana hakubatizwa. Akasema, "Sisi tulichelewa, Mungu hakuchelewa." Ningemsikia mwingine akisema hivyo miaka mitatu iliyopita ningeondoka. Siku hiyo sikuondoka.

Nimerudi kwake mara kadhaa. Nimeungama, nimepokea komunyo, na karatasi ninayo. Nitakuja.

Jina la baba mpe mwanao. Mwanangu tulimzika, jina halikuzikwa.

Na unishukurie tena Mama Mikate. Mwambie alisoma barua vizuri kuliko tuliosomeshwa na baba mmoja.

Kaka yako

---

14 Septemba

Mdogo wangu, mama wa mpwa wangu,

Nimefika salama. Basi lilikuwa na joto, nikalala njia nzima na mdomo wazi, aliyekaa nami akanambia nilikuwa naimba. Mshukuru shemeji kwa chakula cha njiani. Sasa nimeelewa kwa nini mabaharia hawamwachi arudi.

Ulikuwa nyuma yetu siku ile, na mila ya kwetu ni mama akae pembeni mwanzoni mwa ibada, kwa hiyo kuna mambo hukuyaona. Nakuandikia hayo.

Tulipogeuzwa kuelekea magharibi kumkana Shetani na kumpulizia na kumtemea mate, nilimwona Mama Mikate amekodoa macho. Akaninong'oneza, "Kwetu tunamkana kwa maneno tu. Hii ni nzuri zaidi." Ilinibidi niume mdomo. Padre alijifanya hajasikia.

Kanuni ya Imani niliisoma bila kukosea. Padre aliponiuliza jina, nikalitamka. Nilikuwa nimeogopa hapo kuliko pote. Lilitoka kwa sauti, likagonga kwenye vioo vya dukani chini, nilihisi hivyo. Baba angefurahi, alikuwa anapenda kuitwa kwa sauti.

Kisha wakasema mtoto avuliwe nguo apakwe mafuta. Mikono yangu ikagoma. Hukuona kwa sababu nilikuwa nimekupa mgongo. Mikono hii inayobeba magogo ilisimama hewani, mtoto yuko uchi mbele yangu, ananitazama, na mimi nikawa namwona mwingine. Padre akasubiri. Nilikuwa nataka kumwambia Mama Mikate ashike yeye, mimi nitoke.

Naye akauweka mshumaa kwenye kinara, akaja ubavuni. Hakumchukua mtoto. Aliushika mkono wangu wa kushoto akausogeza chini ya shingo ya mtoto, ule wa kulia chini ya makalio. "Hivyo. Huyu anapenda kushikwa hivyo. Usibane, atakwambia mwenyewe akitaka zaidi." Akaacha mkono wake juu ya wangu mpaka mikono yangu ikatii, ndipo akauondoa. Nikampaka mafuta mwenyewe, kifua, masikio, miguu. Nilifanya kazi yote ya mdhamini, mdogo wangu, lakini nilifundishwa palepale na yule waliyesema asimame pembeni.

Padre alipomzamisha mtoto mara ya tatu na kumtoa analia, wote mlicheka. Mimi nilikuwa nasikiliza ile sauti tu. Aliponiwekea mikononi, Mama Mikate alikuwa ametandaza taulo juu yangu kabla sijaomba. Hata zile nywele chache za mtoto zinazokatwa kwa ada padre alizitafuta kama anayetafuta sindano, na yule mama akamwonyesha nyuma ya sikio: "Hapa zipo, Padre, nazijua."

Wakati tunashuka ngazi za chuma nilimwambia nilichoshindwa kukiandika Machi. Nikamwambia, "Mama, asante kwa kifua chako." Akanipiga bega. "Na wewe asante kwa kuja. Yule dada yako angenibatiza mimi kwa lazima." Nimemwahidi kitu kimoja: mtoto akikua, nitamfundisha nyimbo zetu, na yeye atamfundisha sauti ya pili. Padre wako hakupinga.

Sasa mambo ya hapa. Jumapili nilisimama tena kwenye nafasi yangu ya kuimbia. Sauti imekwama kama mlango uliokaa mvuani, lakini itanyooka. Baada ya ibada padre alikuja makaburini na sisi, mimi na wifi yako, akasali. Tulibaki pale baada ya yeye kuondoka.

Tulipofika nyumbani, akiwa anamenya viazi, wifi yako akaniuliza bila kugeuka, "Ana uzito gani?" Nikauliza nani. Akasema, "Mtoto wa wifi yangu." Nikatandaza mikono nikamwonyesha. Akaacha kisu, akaitazama mikono yangu hivyo tupu, muda mrefu. Akasema nimpe kalamu. Hii inayofuata ni ya kwake, sijaitunga.

Kaka yako

*Wifi, ni mimi. Nilikuwa nazisoma barua zako zote. Ile ya hospitali niliisoma zaidi. Samahani sikuandika, na asante hukuacha kunisalimu. Mwisho wa mwezi nitapanda basi nije kwako, peke yangu, nikae wiki moja kama una nafasi. Usipike chochote. Mwambie Mama Mikate nataka kumwona. Na mtoto usimlaze nitakapofika. Nitampokea mlangoni, mikononi.*